Tulivyopoteza mbio Butiama kwa sababu ya shangazi, na tulivyotukanana Musoma mpaka mezani kwa waamuzi

Habari za mchana wakuu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, nacheka na simu jikoni mpaka watoto wananiuliza kama niko sawa. Leo nimeona na mimi nianzishe uzi.

Kisa ni cha kweli. Nisichokikumbuka nitasema sikikumbuki, na mahali nilipotia chumvi mtapatambua wenyewe, maana mkono wangu kwa chumvi ni mzito.

Kinahusu riadha. Lakini zaidi kinahusu magoti.

Nimezaliwa kijiji kimoja upande wa Suguti, Musoma Vijijini. Ziwa la kwetu asubuhi linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na jua likishuka linageuka rangi ya uji wa ulezi. Watu wake ni wakulima wa pamba na muhogo, wavuvi kidogo, waongeaji sana.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara imeanza. Wa rika langu mnakumbuka. Kabla ya hapo tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na mwenye kipande cha sabuni anakificha kama amekiiba. Halafu maduka yakafunguka. Dawa ya meno, redio, betri, mitumba. Tulikuwa tunasimama mbele ya duka tunashangaa tu, bila kununua, kama watu wanaoangalia mvua.

Kitu kimoja hakikufunguka: nafasi za sekondari.

Mwaka uliotangulia, darasa la saba zima la shule yetu alichaguliwa mvulana mmoja. Mwaka wa kabla yake hakuchaguliwa mtu. Msichana ndiyo kabisa, hata majani ya chai yalikuwa rahisi kuyapata. Ukimaliza la saba unapewa jembe, na jembe likishakuzoea unapewa mume.

Ndipo akaja Mwalimu Mhina.

Huyu alikuwa mtu wa Tanga. Alishuka kwetu na traksuti moja, filimbi moja, na Kiswahili kisafi mpaka tukawa tunamwigiza chooni. Yeye aliamini mbio kama wengine wanavyoamini maombi. Alisema mtoto wa kijijini akijua kwamba miguu yake ni ya kwake, na akili itafuata nyuma kama ndama.

"Jamani wanangu," alikuwa anasema akipiga makofi, "nyanyueni magoti! Magoti juu!"

Sasa wakuu, hapo ndipo palipokuwa na shida. Yeye alitaka magoti yanyanyuliwe. Sisi magoti tulikuwa tunayajua kwa kuyashusha.

Kwetu msichana anapompa mkubwa wake kitu, anapiga magoti. Yote mawili. Anakishika kwa mikono miwili, anainamisha kichwa, anasalimia. Akipokea, vilevile. Hakuna mtu aliyetufundisha kwa kutuchapa. Ulikuwa unazaliwa nayo, kama kupiga chafya.

Siku moja Mwalimu Mhina alirudi kutoka mkutano wa walimu Musoma mjini, anatembea haraka, filimbi inamrukaruka kifuani. Alituita wasichana wote wa la saba.

Kuna sekondari mpya ya wasichana, ya jumuiya ya wazazi, ilikuwa imefunguliwa. Mama mkuu wake alitaka shule ijulikane, akasimama mkutanoni akatamka mbele ya watu: wasichana wanne watakaoshinda mbio za kupokezana vijiti kwenye mashindano ya mkoa, nawachukua wote wanne kidato cha kwanza, wawe wamechaguliwa na serikali au hawakuchaguliwa, bila ada mpaka wamalize.

Mbuzi wa mwalimu mkuu alikuwa anatafuna kitu nyuma ya ofisi, na tulimsikia anavyotafuna.

Basi tukachaguliwa wanne. Wa kwanza Perpetua, ambaye mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko miguu, na miguu yake ilikuwa na mbio sana. Wa pili Mary, mtaratibu, hasemi. Wa tatu mimi, Nyangeta. Nilikuwa mzuri kwenye kona.

Wa nne alikuwa Nyabwire.

Niwaeleze Nyabwire. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mimi kumi na tano. Mwembamba kama bua la mtama. Alipokuwa anakimbia, vumbi lilikuwa linachelewa kuamka. Mimi nimeona watu wakikimbia kwenye televisheni, wamevaa viatu vya bei ya ng'ombe, na bado sijaona mtu anayeiacha ardhi vile, kama ardhi ni jamaa anayemdai salamu na yeye hana muda.

Tatizo: Nyabwire alikuwa shangazi yangu.

Msicheke. Babu yangu alioa wake watatu, na yule mdogo alimzaa Nyabwire wakati baba yangu ameshakuwa na watoto watatu. Kwa hiyo ni dada yake baba. Baba mmoja, mama tofauti.

Na siyo shangazi yangu tu. Kijiji kile ni ukoo mmoja. Nusu ya shule ilikuwa inamwita shangazi, wakiwemo Perpetua na Mary. Na yeye alikuwa anakijua cheo chake. Alikuwa anakaa kwenye jiwe nyuma ya darasa anasema "Nina kiu," halafu anaangalia mawinguni, na wasichana watatu wanakwenda kisimani. Maji yake ya kuoga tulikuwa tunayachota kwa zamu, mimi Jumatano na Jumamosi.

Ukimkosea heshima, hapigi. Anasema tu, taratibu, "Haya. Nimenyamaza." Na kwetu shangazi akinyamaza, watu wanaogopa. Laana ya shangazi inakwenda moja kwa moja tumboni, hutazaa. Huo ndio ulikuwa uelewa wetu.

Mtasema, si mngembadilishia nafasi? Tulipiga hesabu wenyewe, kichinichini. Akiwa wa kwanza, anayepokea kwake lazima apige magoti. Akiwa katikati, magoti yanakuwa mara mbili, kupokea na kutoa. Akiwa wa mwisho, angalau ni mara moja. Wenzangu wakataka mimi ndiye nimkabidhi kwa sababu ndiye niliyekuwa napiga magoti haraka kuliko wenzangu.

Ila Mwalimu Mhina haya yote hakuyajua mapema. Mazoezini Nyabwire alikuwa anakimbia peke yake, na kijiti, ambacho kilikuwa kipande cha mpini wa jembe, tulikuwa tunaachiana tunatembea. Mwalimu alidhani ni uvivu. Aliyajua Butiama, mbele za watu.

Butiama yalikuwa mashindano ya wilaya. Shule mbili za kwanza zinakwenda mkoa.

Perpetua alitoka kama kuku aliyemwagiwa maji. Mary akaongeza. Nikapokea mimi, nikaikata kona, na nilipoinua macho sikuona mtu mbele yangu wala sikusikia mtu nyuma. Uwanja mzima unapiga kelele. Nyabwire amesimama kwenye mstari wake, mkono kiunoni.

Nikafika. Nikasimama. Nikapiga magoti yote mawili kwenye mchanga, nikashika kijiti kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba," akasema Nyabwire. Akakipokea vizuri. Ndipo akaondoka.

Wakuu, zile kelele zote zilizimika. Timu tatu zilikuwa zimeshatupita. Nyabwire aliwafukuza, akampita mmoja, akampita wa pili, kamba ikamkuta wa pili. Tukapita kwenda mkoa, lakini kwa kuchechemea.

Mwalimu Mhina alikuja anashika kichwa.

"Mmefanya nini pale?"

"Tumepokezana, mwalimu."

"Mmesalimiana!" akasema. "Nimewatuma kupokezana, nyie mmesalimiana! Hebu niambieni, na habari za nyumbani mmeulizana?"

"Hapana, mwalimu," akajibu Nyabwire kwa upole. "Huwa tunaulizanaga, ila leo hatukuwa na nafasi."

Tukamweleza. Yeye akadhani ni jambo la kuomba ruhusa, akapanda baiskeli mpaka kwa babu. Mama yake Nyabwire akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwenu Tanga shangazi anapewaga kitu kama wanamtupia mbwa?"

Mwalimu alirudi na kuku wa zawadi kwenye keria ya baiskeli, bila ruhusa.

Zilibaki wiki tatu.

Akatupakia kwenye lori la pamba lililokuwa linakwenda Bunda, ili tukawaone wapinzani. Bunda walikuwa na timu ya shule ya mjini, wana raba, wana kocha mwanamke mwenye sauti ya king'ora. Tulijilaza juu ya marobota kando ya uwanja wao, nyuzi za pamba zimetujaa nywele mpaka tukafanana na vikongwe wanne, tukawachungulia.

Walikuwa wanapokezana bila kuangaliana. Anayekuja anapiga kelele "Shika!", anayekwenda anarusha mkono nyuma, kijiti kimeshahama. Kama wezi wanaopeana mali.

Nyabwire alitazama kwa muda mrefu.

"Wale hawana heshima kabisa," akasema.

"Ndiyo maana wanashindaga," akasema Perpetua.

"Mimi siwezi kupewa kitu hivyo."

"Basi, shangazi, na fomu wani hutapewa hivyo wala vingine."

Nyabwire akanyamaza. Tuliogopa kile kimya mpaka tukafika nyumbani.

Aliyetuokoa ni Perpetua na umbea wake. Kesho yake asubuhi alinikuta kwa babu nimepeleka maziwa. Babu, kama kawaida yake, akanisalimia: "Mama, umeamkaje?"

Babu alikuwa ananiita mama tangu nazaliwa, kwa sababu mimi nimerithi jina la mama yake. Kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ndiye huyo mtu. Siyo kumbukumbu. Ni yeye karudi, sasa hivi tu anavaa sketi ya shule. Nilikuwa nimezoea, kama unavyozoea mbu.

Perpetua alisimama pale mlangoni, mdomo wazi. Jambo la nadra, mdomo wazi na haitoki sauti.

Halafu akakimbia mpaka shuleni, akamkuta Nyabwire kwenye jiwe lake.

"Shangazi," akasema, "Nyangeta ni mama wa babu?"

"Kwa jina, ndiyo."

"Na babu ni baba yako?"

"Umelewa?"

"Basi Nyangeta si bibi yako wewe?"

Wakuu, mnaojua mila za kwetu mmeshaelewa. Kwa wasiojua: bibi na mjukuu ni watani. Hawapigiani magoti. Wananyang'anyana chakula mdomoni, wanatukanana mchana kweupe, na wenyeji wanaona raha. Bibi akimpa mjukuu kitu kwa adabu, watu wanauliza kama anaumwa.

Kwa hiyo nikimkabidhi kijiti kama mpwa, lazima nipige magoti. Nikimkabidhi kama bibi yake, naweza hata kumrushia.

Nyabwire aliona mtego palepale. Yeye hakuwa mjinga.

"Na maji yangu ya kuoga?" akauliza. "Bibi anachotaga maji ya mjukuu?"

Tulibishana siku mbili. Mwishowe tukakubaliana hivi. Uwanjani, lile eneo la kupokezana lilichorwa mistari miwili ya chokaa. (Kwetu ilikuwa majivu, chokaa ilikuwa haipatikani.) Ndani ya chokaa, mimi ni bibi. Nje ya chokaa, yeye ni shangazi, na Jumatano na Jumamosi nachota maji kama kawaida. Perpetua na Mary wakawa mashahidi.

Mwalimu Mhina alielezwa akakubali bila kuelewa. Alikuwa amefika mahali ambapo hata tungemwambia tunakimbia kinyumenyume angeuliza tu kama ni haraka.

Mkadhani tumemaliza? Hapana.

Utani nao una sheria zake. Mtani ukimpa kitu, lazima kwanza umzungushe. Unanyoosha, anataka kushika, unavuta. Usipofanya hivyo umemdharau. Jaribio la kwanza nikaja mbio, Nyabwire akarusha mkono nyuma, mimi nikanyoosha kijiti nikakivuta. Mkono wenyewe ulifanya! Akashika hewa. Tukaanguka wote kwa kicheko, na Mwalimu Mhina akakaa chini kwenye majani, akavua kofia, akaitazama tu.

Dawa ilikuwa tusi. Tukakubaliana kwamba nikimtukana vizuri, tusi lihesabike badala ya kumzungusha. Na kwa kuwa anayekuja na kijiti anatakiwa apige kelele ili mwenzake arushe mkono, tusi ndilo likawa ishara. Badala ya "Shika!" mimi nasema "Kibogoyo!"

Kibogoyo ni asiye na meno, kwa wale wa Kiswahili cha juzi. Nyabwire meno yake yote yalikuwepo, meupe kama punje za mahindi mabichi. Ndiyo utamu wa tusi.

Tukafanya mazoezi wiki mbili. Kibogoyo, mkono, kijiti. Kibogoyo, mkono, kijiti. Akawa akilisikia hilo neno hata darasani mkono unarukia nyuma.

Musoma tulilala kwenye madarasa ya shule moja. Bukta hatukuwa nazo. Mwalimu akatupeleka mtaa wa Iringo kwa fundi mmoja, Mama Zuhura, mwanamke wa Kiislamu mwenye cherehani barazani na huruma isiyo na maneno mengi. Alitutazama sketi zetu, akaingia ndani, akatoa suruali nne za mitumba, nyepesi, zimechorwa wanyama wanene wa rangi ya waridi. Akazikata magotini, akazipinda, akatia mpira kiunoni.

"Nendeni mkimbie," akasema. "Mkishinda, semeni mmeshonewa hapa. Mkishindwa, hamnijui."

Tulizipenda mno. Ni baada ya miaka mingi nilijua kwamba tulikimbia fainali ya mkoa tumevaa nguo za kulalia za watoto wa Kizungu.

Fainali ilikuwa saa nane mchana. Upepo wa ziwani unapeperusha kamba za uwanja. Wazazi wetu walikuja na lori, wamesimama upande mmoja: baba yangu, mama yake Nyabwire, na wanawake wengi wa kijijini na vitenge vyao vya kanisani. Meza ya waamuzi ina mwavuli, na chini ya mwavuli amekaa yule mama mkuu wa sekondari, miwani mikubwa, daftari mapajani.

Kwenye mstari wa jirani, Bunda na raba zao.

Filimbi. Perpetua akaondoka. Sitawaeleza mengi, maana mtu anayekimbia haoni kitu. Ninachokumbuka ni kijiti cha bati kikinigusa kiganja, baridi, na kona ikifunguka mbele yangu kama mlango. Bunda wako mbele yangu hatua mbili. Nikasikia pumzi ya yule msichana wao. Tukaingia kwenye chokaa karibu pamoja.

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Kibogoyo!"

Mkono wa Nyabwire ukaruka nyuma. Kijiti kikaingia kiganjani. Akaenda.

Sasa wakuu, kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mkimbiaji wa mwisho wa Bunda, msichana mrefu mzuri, hakuwa na jino la mbele.

Alisikia. Akageuka kutazama ni nani aliyemtukana.

Akashika kijiti ndiyo, lakini ameshageuka, na Nyabwire hakuwa mtu wa kumsubiri. Tulishinda kwa hatua nne. Wanawake wa kijijini wakavunja kamba.

Furaha yetu haikumaliza dakika tano. Kocha wa Bunda alikuwa ameshafika mezani.

"Wamemtukana mchezaji wangu kwa makusudi!" sauti inafika ziwani. "Wamemtukana ulemavu wake! Hiyo timu iondolewe!"

Tukaitwa. Mkuu wa waamuzi alikuwa mzee mnene wa ofisi ya elimu, ana kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza kama nimesema hilo neno. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nilimwambia nani.

"Mwenzangu, mzee. Nyabwire."

"Ana meno," akasema mzee.

"Ndiyo, mzee."

"Sasa unamwitaje kibogoyo mwenye meno, na kando yake yupo asiye na meno?"

Yule msichana wa Bunda alikuwa amesimama pale analia, amefunika mdomo kwa kiganja, na mimi moyo uliniuma kweli. Hilo siliongezei chumvi.

"Ni utani, mzee," akadakia Perpetua. "Ni watani hawa."

"Watani kwa vipi?" Mzee akamgeukia Nyabwire. "Wewe. Huyu ni nani wako?"

Hapo ndipo kila kitu kilisimama.

Tulikuwa nje ya chokaa. Mkataba wetu ulikuwa wa ndani ya chokaa tu. Nje, yeye ni shangazi. Na akisema shangazi, hakuna utani, maana hakuna mpwa anayemtania shangazi. Basi tusi lilikuwa la msichana wa Bunda, na tumeondolewa, na sekondari imekwenda.

Akisema mjukuu, amesema mbele ya baba yangu, mbele ya mama yake, mbele ya kijiji kizima. Kwetu undugu ukishautamka mbele ya watu huurudishi. Cheo chake kingebaki pale uwanjani.

Nilimwona anamtazama mama yake. Mama yake hakutikisa hata ukope.

Nilimwona anatazama daftari la yule mama mkuu.

"Huyu," akasema Nyabwire, "huyu ni bibi yangu."

Mezani wakatazamana.

"Bibi yako ana miaka mingapi?" akauliza mzee.

"Kumi na tano."

"Na wewe?"

"Kumi na tatu."

Watu wakaanza kucheka. Kocha wa Bunda akasema, "Mnaona uongo huo!" Mzee akagonga meza kwa kalamu.

"Kama ni bibi yako kweli, wewe unajua cha kumwambia. Mwambie, nisikie."

Nyabwire alivuta pumzi. Akanigeukia. Halafu, wakuu, msichana yule ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutania mtu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtania, alinyoosha kidole.

"Kizee hiki!" akasema. "Kinakimbia kama kuku anatafuta pa kutagia! Kimeniletea kijiti kimelowa jasho, maji kimeyasahau tangu mumewe amekimbia harufu! Na bukta kimeniibia, hiyo ni yangu, nitakivua hapahapa!"

Akashika kweli mpira wa bukta yangu.

Mimi nikajibu bila kufikiri. "Vua, kibogoyo, uone mifupa ya marehemu!"

Upande wa wazazi kulilipuka. Vigelegele, watu wanashikana mabega, baba yangu amegeukia lori mabega yanamtikisika. Mama yake Nyabwire alikaa chini kabisa na kitenge usoni.

Mzee alitoa leso akajifuta macho. Alikuwa mtu wa ziwani. Alijua kwamba vile havitungwi.

"Matokeo yanabaki," akasema.

Lakini akatuagiza kwanza tumwombe radhi yule msichana wa Bunda, na tukamwomba, na Nyabwire ndiye aliyemshika mkono. Yule mama mkuu wa sekondari alifungua daftari akaandika majina manne. Alipofika kwa Nyabwire alimtazama juu ya miwani: "Wewe nitakuweka bweni la karibu na mimi. Nataka nikusikie."

Tulikwenda wote wanne. Mary leo ni mkunga. Perpetua anatangaza redioni, mnaweza kubahatisha ni ipi. Mimi niko hapa nawachosha.

Bweni siku ya kwanza, nilichukua ndoo mbili kwa mazoea. Ilikuwa Jumatano. Nyabwire akanyang'anya moja.

"Acha," akasema. "Utavunjika kiuno, mzee." Akaenda kuchota yake, mara ya kwanza katika maisha yake. Alimwaga nusu njiani.

Na hakuwahi kuwa shangazi yangu tena. Nilipoolewa, kile kitenge anachopewa shangazi wa bibi harusi alipewa mwingine, na Nyabwire alikaa upande wa watani, akaingia kwenye gari la maharusi kabla yangu, akamshika mume wangu mkono akagoma kushuka. Anasema huyu ni mume wake, bibi ameshazeeka. Mume wangu ni mtu wa Morogoro. Alikuwa anaangalia dirishani anatafuta msaada.

Nilichojifunza ni hiki. Wapo wengi wanaokuja vijijini na mipira, filimbi na nia njema, wakitaka kuwainua vijana. Mwalimu Mhina, Mungu amweke pema, alikuwa bora wao. Lakini hata yeye alidhani kuna heshima upande mmoja na mbio upande mwingine, na sisi lazima tuache moja. Hatukuacha. Tulitafuta kwenye mila ileile mlango ambao magoti hayahitajiki, na ulikuwepo siku zote, ufunguo wake ni jina langu tu. Anayetaka kumkimbiza mtoto wa watu, aanze kwa kuuliza nani anamwita nani nani.

Na cha pili: kuna vitu mtu anavipata kwa miguu yake, na kuna vingine anavipata kwa sababu mwingine amekubali kuwa mdogo mbele za watu. Mimi kidato cha kwanza nilikipata hivyo.

Nimemaliza wakuu. Kama kwenu kuna mtoto mdogo ambaye kwa ukoo ni baba yako mdogo au bibi yako, na kimewahi kukutokea kituko, kiwekeni hapa chini. Wa Bunda mnaoukumbuka mchezo ule, matusi yenu pia nayapokea.

Tahadhari moja: Nyabwire yumo humu jukwaani na atakuja kukanusha ile habari ya kumwaga maji. Msimwamini. Mjukuu hatoi ushahidi mbele ya bibi yake.